Saa Isiyotaka Ufunguo

Hapa ofisini kwetu wako wawili sasa wenye saa za namna ile, zisizotiwa ufunguo, zinazojizungusha zenyewe ndani kwa ndani. Mwezi uliopita mmoja wao alilala na homa siku nne, akarudi kazini amenuna. Saa yake ilikuwa imesimama. Akataka kujua kama mwenye saa ya aina hiyo anapaswa kuitafutia kitu cha kuitikisa siku asizoivaa, au aiache tu isimame na siku akiivaa airekebishe. Wenzake wakamcheka. Wakamshauri aajiri yaya wa kuibembeleza. Mimi nikatoka nje, nikasimama karibu na pipa la maji ya mvua mpaka nilipoona naweza kurudi ndani.

Jibu ninalo, lakini ni refu, na hakuna apendaye jibu refu kwa swali la saa.

Nilimaliza masomo ya chuo kikuu kule Uganda nikarudi kwetu Chumbi na cheti, sanduku la vitabu, na saa ya baba. Saa niliinunua Kampala wiki ya mwisho, kwa akiba ya muda mrefu. Ilikuja na kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa mara nne. Nilisoma mistari miwili ya juu, iliyosema kwamba saa hii inajitia ufunguo yenyewe, nikafurahi, nikaacha kusoma. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyesoma vitabu miaka mitatu, na maelezo ya chini ya kurasa hakuyaruka, alishindwa kumaliza kikaratasi kile. Nilikuwa na haraka ya kujua kitu, na nikishajua kidogo nikaona nimejua.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga bondeni, na pia muadhini wa msikiti wetu mdogo wa makuti. Saa yake ilikuwa kijiti alichokichomeka upande wa kaskazini wa msikiti. Kivuli kikifupika mpaka mwisho wake kisha kikaanza kurefuka, Adhuhuri imeingia. Kijiti kile hakikuwahi kumdanganya, ila masika yakija na mawingu yakatanda siku tano, hapakuwa na kivuli, naye akawa anaadhini kwa kukisia. Wanawake wa kwetu walikuwa na mzaha wao, kwamba wakati wa masika adhana ya mzee hufuata harufu ya wali. Wali ukiiva, Adhuhuri imefika. Yeye alicheka nao, lakini nyumbani nilimwona akitazama mawingu kama mtu anayedaiwa.

Kwa hiyo siku nilipomfunga ile saa mkononi, mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ni wa kulia chakula, niliona nimemletea kitu alichokihitaji kweli. Alitafuta mahali pa ufunguo, kama alivyoona kwa wenye saa wengine.

"Haitaki ufunguo, baba," nikamwambia. "Haimtaki mtu kabisa. Inajiendesha."

"Haimtaki mtu?"

"Haimtaki."

Wiki nzima aliirudia habari hiyo kila barazani. Saa ya mwanangu haimtaki mtu. Jirani yetu, rafiki yake tangu utoto, akamjibu kwamba basi aiache msikitini iadhini, na yeye aje shambani asaidie watu kuvuna. Masika yale Adhuhuri yetu haikufuata harufu ya wali hata siku moja.

Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa unaanza kuinamisha vichwa, baba alianguka akitia udhu wa alfajiri. Upande wake wa kushoto ukapooza. Ulimi ulirudi baada ya siku chache, mzito lakini unaeleweka. Mganga wa zahanati alisema mgonjwa alale atulie, asisumbuliwe, na mimi nikayachukua maneno hayo kama nilivyozoea kuyachukua maneno ya walimu, yaani nikayafanya sheria.

Jirani akashika adhana. Lakini kila siku, kabla ya Adhuhuri na kabla ya Alasiri, alipita dirishani kwa baba, dirisha lenyewe likiwa tundu tu ukutani lenye kipande cha mkeka. Alitoa salamu kisha akauliza, "Mkubwa, tumefika?" Baba aliuinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayeinua mtoto aliyelala, akaitazama saa, kisha akasema, "Bado kidogo," au akasema, "Nenda." Jirani alikwenda. Baada ya muda tuliisikia adhana, na uso wa baba ulikaa sawa.

Kijiti kilikuwepo palepale. Mvua zilikuwa zinaisha, jua lilikuwa linaonekana. Jirani hakuihitaji saa ile. Alipita kwa sababu alimjua baba. Baba naye, nadhani, alijua kwamba mwenzake hakuihitaji, lakini hiyo ilikuwa kazi yake pekee iliyobaki duniani na alikuwa akiifanya vizuri.

Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri barua ya kazi. Sikuwa na la kufanya ila kuwaza na kuangalia. Nikaona jinsi anavyohangaika kuuinua ule mkono, jinsi jasho linavyomtoka kwenye paji la uso, nikaona haya. Nikamwomba mama mto wa sufi, nikauweka ubavuni, nikaulaza mkono wa baba juu yake, kiwiko kimekunjwa, saa imeelekezwa machoni. Sasa alikuwa akigeuza macho tu. Mama alisema nimefanya vizuri. Hata mimi nilijisifu moyoni.

Siku ya pili baada ya mto ule, saa ikasimama.

Hatukujua. Jirani alikuja, akauliza kama tumefika. Baba akatazama akasema bado. Jirani akarudi baadaye kidogo, akajibiwa bado. Akarudi tena. Kwa adabu yake hakwenda kukitazama kijiti, kwa sababu kukitazama kijiti ni kusema mzee amekosea. Akakaa nje ya dirisha, watu wamejaa msikitini, mpaka mmoja wao alipokuja kusema kivuli kimeshakuwa kirefu mno. Adhuhuri ya siku ile iliswaliwa karibu na Alasiri.

Hakuna aliyemlaumu. Baba alisema mara moja tu, "Nimewachelewesha watu," akageuza uso ukutani.

Kuanzia kesho yake jirani hakupita tena dirishani. Nadhani aliona anamwondolea mzigo. Lakini kila muda wake ukifika baba aliutazama ule mkeka wa dirishani, na adhana ikisikika bila yeye kuulizwa, alifumba macho. Sikuweza kulivumilia jambo hilo. Nikajiambia kwamba saa ikipona, jirani atarudi dirishani, na baba atakuwa na kazi yake. Nililitaka hilo kuliko barua ya kazi.

Nikaichunguza saa kama nilivyofundishwa kuchunguza mambo. Nikiivua na kuigeuzageuza mkononi, ilianza kutembea. Nikimrudishia baba, ilitembea siku moja na nusu, ikasimama. Nikaandika dhana zangu kwenye daftari. Ya kwanza, unyevu wa chumba. Ya pili, moshi wa jikoni. Ya tatu, kijichuma kilicholegea ndani, kinachokaa sawa saa ikitikiswa na kuponyoka ikitulia. Dhana hii ya tatu niliipenda zaidi kwa sababu ilieleza kila kitu.

Dada yangu mkubwa wakati ule alikuwa anashinda shambani akiamia ndege wasile mpunga, yuko juu ya dungu, kichanja cha miti, kamba za makopo zimetandazwa pande zote za jaruba, naye anazivuta kutoka alfajiri mpaka jua linazama. Aliniomba ile saa aivae siku mbili, aone. Nilimpa kwa shingo upande, nikimwonya kuhusu vumbi la mpunga. Siku ya pili jioni alirudi nayo inatembea.

"Kwangu haikusimama hata kidogo," akasema.

Nikamweleza habari ya unyevu. Nikamweleza habari ya kijichuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alijivunia masomo yangu kuliko mimi mwenyewe.

"Sawa, msomi," akasema. "Labda tu haipendi kulala."

Nikamjibu kwamba saa ni chuma, haina cha kupenda wala kuchukia. Akacheka, akaenda zake kuoga. Alikuwa ameniambia ukweli mzima kwa maneno manne, nami nikamrudishia sayansi.

Nikaamua kuipeleka Kibiti, ambako tulisikia yupo fundi saa. Mama hakutaka. Alinifuata uani akaniambia, kwa sauti ya chini, nisiende wiki ile.

"Kwa nini, mama?"

"Sipendi rangi yake."

Nilipiga hesabu mbele yake: Jumanne nakwenda, Jumatano fundi, Alhamisi asubuhi niko hapa. Nikaingia kwa baba kumuaga. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema nende, na nikirudi nayo nimwambie yule apite dirishani. Hakumtaja kwa jina. Hakuwa na haja.

Nilivuka mto kwa kivuko, nikapata lori la mpunga Ikwiriri, nikaingia Kibiti jioni. Fundi nilimkuta asubuhi yake kwenye kibaraza cha duka la nguo, mzee mfupi mwenye kioo chake kimebanwa jichoni, na mbele yake meza ndogo iliyojaa matumbo ya saa. Nilimpa shikamoo, nikaanza kumweleza dhana zangu tatu kwa mpangilio. Aliniacha niseme huku anaifungua ile saa. Akaichungulia. Akaifunga tena kabla sijafika kwenye ya tatu.

"Haina ugonjwa," akasema.

Nikamwambia inasimama.

"Nani anaivaa?"

"Baba yangu."

"Anafanya kazi gani, baba yako?"

"Analala," nikasema. "Yaani anaumwa. Mkono wenyewe umepooza."

Fundi akakiondoa kile kioo jichoni. Akanitazama kwa macho mawili, bila mzaha wowote.

"Sasa, mwanangu," akasema, "ulitaka itembee na nani?"

Akaifungua tena anionyeshe. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma mfano wa nusu ya sahani, kinachoning'inia na kuzunguka huku na huku kila mkono ukienda, nacho ndicho kinachokaza kamani, ule utepe wa chuma unaoisukuma saa. Mkono ukitulia, chuma kinatulia, na kamani ikilegea saa inasimama, kama saa yoyote. Wenye saa hizi, akasema, hawahitaji kitu cha ajabu. Ukiivaa, basi. Usipoivaa, iache isimame, haidhuriki, siku ukiitaka itikise kidogo na uiweke sawa. Na ukitaka isisimame kabisa, mpe mtu yeyote mwenye mkono unaokwenda. Mshonaji aliyekuwa anakanyaga cherehani upande wa pili wa kibaraza akainua mkono wake bila kuniangalia. Saa tatu zilikuwa zimefungwa pale, za wateja wa fundi walio safarini.

"Kwenu hakuna hata anayeamia ndege?" fundi akauliza.

Nilisema yupo. Nilitaka kulipa, akakataa, akasema hakufanya kazi yoyote. Nilisimama pale kibarazani nikiupitia upya mwezi wote uliopita. Wiki zile baba alipokuwa anauinua mkono kwa mkono, saa haikuwahi kusimama. Alikuwa anaitia ufunguo yeye, kila alipoulizwa saa, bila yeye kujua wala mimi. Mimi ndiye niliyeleta mto. Hata ningeihamishia mkono wa kulia ingetosha, maana ule bado ulikuwa ukila, ukijikuna, ukishika tasbihi. Hata dada angeivaa asubuhi na kuirudisha kabla ya Adhuhuri ingetosha. Jaruba letu liko karibu kiasi kwamba mlio wa makopo yake tuliusikia kitandani kwa baba.

Niliivaa mwenyewe nikatafuta lori la kurudi. Nilifika mtoni Jumatano magharibi. Maji yalikuwa yamepanda kutoka bara, yanateremsha magogo, na kivuko kilikuwa kimefungwa. Alhamisi asubuhi bado kilikuwa kimefungwa. Mwenye mtumbwi mmoja alisema atanivusha nikitaka, atapita juu kidogo ambako mkondo umetulia. Niliutazama mtumbwi, nikayatazama maji. Nikawaza mamba. Nikawaza magogo. Nikawaza, na hili nalisema kwa sababu ni kweli, kwamba mtumbwi ukiyumba saa italowa, na safari yote itakuwa bure. Nikamwambia nitasubiri kivuko. Akasema haya, msomi, akavuka na wanawake wawili na kuku wao, wakafika salama, niliwaona wakipanda ng'ambo.

Nilikaa ukingoni mchana kutwa, nikiutikisa mkono kila mara.

Ijumaa asubuhi kivuko kilifunguliwa. Ng'ambo ya pili jirani yetu alikuwa amesimama peke yake, amevaa kanzu. Nilifurahi kumwona. Nilipokuwa bado majini nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyomwambia kuhusu dirisha. Nilishuka nikampa shikamoo. Aliitika, akaushika mkono wangu na hakuuachia.

"Tulikusubiri," akasema. "Tulikusubiri mpaka Alasiri ya jana. Tusingeweza zaidi."

Sikuelewa, au nilielewa na sikutaka. Nikamwambia saa imepona, na baba ameomba apite dirishani.

"Nilishuka mimi kaburini mahali pako," akasema. "Unisamehe, mwanangu."

Baba alifariki Alhamisi alfajiri. Alikwenda kaburini wakati mimi nimekaa ng'ambo ya mto, mwendo wa mtu kutoka asubuhi akafika mchana, nikiilinda saa isilowe. Mtu niliyemkatalia mtumbwi wake alipita kijijini kwetu adhuhuri ile na akakuta watu wanachimba. Alisimama akachimba pia. Hakujua ni baba wa nani.

Sikuweza kukaa na ile saa. Niliivua siku ya tatu nikaitia sandukuni, ikasimama, nikaitoa, nikaitikisa, nikaitia tena. Nilifanya hivyo kwa siku kadhaa, kila mara nikijiambia kwamba kuiacha isimame ni dhambi, halafu kwamba kuitikisa ndiko kukufuru. Dada yangu ndiye aliyeichukua. Hakuniomba ruhusa. Aliipeleka kwa jirani, akamfunga mkononi, akamwambia hiyo ni saa ya msikiti. Jirani anaivaa mpaka leo. Analima nayo na kuadhini nayo, wala haijasimama. Nikienda kwetu likizo huisikia adhana ya Adhuhuri ikitoka kwa wakati wake barabara, na hukaa ndani mpaka iishe.

Lilibaki jambo moja nililoliogopa kuuliza. Mama alikuwa katika eda, amevaa nguo zake nyeupe, hatoki. Mimi mwanawe niliweza kuingia kukaa naye, na niliingia kila siku, nikazungumza habari za mpunga, habari za barua ya kazi, kila habari isipokuwa hiyo. Barua ilikuja. Siku moja kabla ya kuondoka nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini. Nikamuuliza kama baba aliniulizia.

Vidole vyake havikusimama.

"Alikuulizia mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza usiku, nikamwambia yuko njiani. Mara ya pili alikuwa haoni tena. Nikamwambia ameshafika, yupo ukumbini ananawa miguu."

Nikauliza baba alijibu nini.

"Hakujibu. Aliufungua mkono wake wa kulia, hivi." Mama akaacha mchele, akageuza kiganja juu, akakilaza pajani. "Nikatia mkono wangu."

"Alijua ni wako?"

Mama alikitazama kile kiganja.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Niliuacha hapo mpaka mwisho. Sikusema neno lolote, asije akajua ni mimi."